Nyumba moja, friji moja, kinyaa pande mbili: uchambuzi wa kisa

Kisa chenyewe

Watu wanne wazima wanaishi katika nyumba moja ya kupanga. Kila mmoja ana chumba chake. Jiko, friji, sinki na meza ya kulia ni vya wote. Watatu wamekaa pamoja miaka kadhaa na wanapika pamoja. Vyakula wanavyovipenda kuliko vyote ni vitatu: samaki mkavu wa baharini, matumbo, na mayai yanayochemshwa mengi kwa mkupuo na kukaa kwenye friji mpaka yaishe. Wa nne ni mpangaji mpya, na yeye vitu hivyo vinamshinda kabisa. Shombo ya samaki ikipenya chini ya mlango wake, mate yanamjaa mdomoni, koo linabana, na hata chakula chake mwenyewe hakipiti tena jioni hiyo.

Kisa hiki ni cha mfano. Kimeundwa kwa mambo yanayojirudia kila watu waliokulia majiko tofauti wanapoanza kutumia jiko moja, ndiyo maana wahusika hawana majina. Tutawataja kwa nafasi zao: mpangaji mpya, dada anayepika mara nyingi, kaka ambaye friji ni yake, na kijana wa chumba cha mwisho, mwenye mayai.

Wiki mbili za mwanzo mpangaji mpya alinyamaza. Alifungua madirisha kila aliporudi, akanunua manukato ya kupuliza, akapulizia korido. Zikawa harufu mbili badala ya moja, na baada ya siku chache manukato yenyewe yakaanza kumchefua, kwa kuwa kila mara aliyasikia pamoja na samaki. Wiki ya tatu uso ukaanza kusema: pua imekunjwa, kiganja kimeziba mdomo akipita karibu na meza. Wiki ya nne likatoka neno: “Mnawezaje kula kitu kinachonuka hivi?” Dada akamjibu kwa upole, “Mdogo wangu, mbona mimi sisikii harufu yoyote?” Akadhani anadhihakiwa. Tangu siku hiyo mlango wa jiko ukawa unaachwa wazi makusudi, yeye akawa anakula chumbani kwake, na wiki ya sita akaleta dai kwamba samaki asipikwe tena ndani ya nyumba. Wenzake wakakataa kwa kauli moja.

Dai la kupiga marufuku chakula cha wenzake halikuwa la haki, na mlango ulioachwa wazi kwa kusudi haukuwa wa haki pia. Lakini tazama vizuri: hakuna aliyemlazimisha mwenzake kula. Ugomvi haukuwa wa ladha. Ulikuwa wa njia nne ambazo chakula cha mtu mmoja humfikia mwingine bila ridhaa yake, yaani hewa, friji, vyombo na maneno. Njia hizo zinafungika, na kila moja ina namna yake ya kufungwa.

Kabla ya yote: ni kinyaa kweli?

Swali hili liliulizwa kwa kuchelewa, na ndilo lilipaswa kutangulia. Watu tofauti wanaweza kukunja uso mbele ya sahani moja, kila mmoja kwa sababu yake, na kila sababu ina dawa yake.

Mwenye mzio wa samaki anaweza kupata shida kwa mvuke tu wa samaki anayechemka: pua kuchuruzika, ngozi kuwasha, kifua kubana. Huyo hatoshelezwi na ratiba ya kupika. Anahitaji ushauri wa daktari, na mara nyingi samaki hapaswi kupikwa mtu huyo akiwa ndani ya nyumba. Mjamzito, hasa miezi ya mwanzo, anaweza kuchefuliwa na harufu aliyokuwa akiipenda mwezi uliopita. Hali hiyo kwa kawaida hupungua, kwa hiyo mpango wake uwe wa muda. Watu wengi waliougua UVIKO-19 walibaki na hitilafu ya kunusa inayofanya mayai, kitunguu, nyama na kahawa vinuke kama vimeoza. Mwenye mwiko wa dini au wa imani hana kinyaa kwa lazima. Shida yake ni sufuria na mwiko wa kupikia, hata hewa ikiwa safi. Na yupo ambaye aina za vyakula anavyoweza kula ni chache mno, anapungua uzito au anakwepa kula kabisa. Tangu 2013 hali hiyo ina nafasi yake katika mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, na mwenye nayo anahitaji mtaalamu, si kikao cha wapangaji.

Mpangaji mpya hakuwa na mojawapo ya hayo. Yeye alijaa kinyaa, kile cha kawaida, kinachoanzia puani na kumalizikia tumboni. Asili yake ilikuwa utotoni: aliwahi kuugua tumbo vibaya saa chache baada ya kula samaki. Hilo linatosha. Mwaka 1955 mwanasaikolojia John Garcia na wenzake walionyesha kwamba panya aliyekunywa maji matamu kisha akaugua kutokana na mionzi anayakwepa maji hayo baadaye, na kazi zilizofuata zilionyesha kwamba tukio moja linatosha hata ugonjwa ukija saa kadhaa baada ya kula. Mwili haungoji ushahidi zaidi. Kumwambia mtu wa namna hii “ni akili yako tu” hakumsaidii, kwa sababu sehemu inayokataa chakula haisikilizi hoja.

Dada hakudanganya

Jibu la “sisikii harufu yoyote” ndilo lililoharibu mambo kuliko lolote, na lilikuwa la kweli. Pua ikikaa na harufu ileile kwa dakika kadhaa, inaacha kuitangaza. Mpishi aliyesimama jikoni nusu saa kweli hasikii kitu, ilhali anayefungua mlango akitoka nje anapigwa na harufu nzima kwa pamoja. Wote wawili wanasema ukweli kuhusu hewa moja.

Kutokana na hilo walijiwekea kanuni ambayo tungeipendekeza kwa kila nyumba: aliyepika si shahidi wa harufu. Akitaka kujua hali ya jiko, atoke nje dakika kumi hivi, arudi, avute pumzi moja mlangoni. Dada alipojaribu hivyo mara ya kwanza alielewa bila kuambiwa neno.

Kuna tofauti nyingine zinazotoka ndani kabisa ya mwili. Jeni moja ya kipokezi cha harufu, OR7D4, iliyoelezwa mwaka 2007, inabadili jinsi watu wanavyoisikia androstenoni, kemikali iliyomo katika nyama ya baadhi ya nguruwe dume: mmoja husikia mkojo au jasho, mwingine utamu kama wa vanila, mwingine hasikii chochote. Kwa hiyo hatuna haki ya kudhani kwamba sahani iliyo mbele yetu inanukia vilevile kwa jirani yetu.

Jibini la mpangaji mpya

Hapa kisa kiligeuka. Katika kikao cha kwanza cha maana, kaka mwenye friji alisema jambo alilolimeza muda wote: mpangaji mpya alikuwa na jibini lililokomaa, limefungwa kwa karatasi tu, na kila friji ilipofunguliwa ilinuka kama soksi zilizovaliwa wiki nzima. Mpangaji mpya alishangaa kwa dhati. Kwake ile ilikuwa harufu ya chakula kizuri.

Soksi hazikuwa tusi. Asidi ya isovaleri, inayoyapa majibini mengi harufu yao, ndiyo hiyohiyo bakteria huitengeneza kwenye miguu yenye jasho. Ndugu yake, asidi ya butiri, imo katika jibini la Parmesan na imo katika matapishi. Mwaka 2001 watafiti Rachel Herz na Julia von Clef waliwapa watu mchanganyiko wa asidi hizo mbili, safari moja wakiuita jibini la Parmesan na safari nyingine matapishi. Jina lilibadili hukumu: kimiminika kilekile kilipendeza au kikachukiza kulingana na kilivyoitwa.

Charles Darwin, mwanasayansi wa viumbe wa Uingereza, alieleza mwaka 1872 tukio la Tierra del Fuego, kusini kabisa mwa Amerika Kusini. Mwenyeji aligusa kwa kidole nyama baridi ya kuhifadhiwa ambayo Darwin alikuwa akiila, akaonyesha wazi kuchukizwa na ulaini wake. Darwin naye akachukizwa na chakula chake kuguswa na yule mtu, ingawa mikono haikuonekana kuwa michafu. Nyama moja, dakika moja, kinyaa kutoka pande zote mbili.

Baada ya jibini kutajwa, mpangaji mpya hakuwa tena mlalamikaji peke yake, na mazungumzo yakawa rahisi. Tunashauri kila kikao cha aina hii kianze hapo: kila mmoja ataje chakula kimoja cha mwenzake kinachomsumbua, akianza na kukiri kimoja chake anachodhani kinawasumbua wengine. Karibu kila jiko lina kitu pande zote.

Njia ya hewa

Hewa ndiyo ilikuwa na kazi kubwa, na ndiyo inayokosewa zaidi. Walikuwa na feni na dirisha, lakini feni ilielekezwa ndani ili mpishi apate upepo. Maana yake ilikuwa inasukuma harufu kutoka jikoni kwenda korido na kuiingiza vyumbani. Walipoigeuza ikatazama nje, karibu na dirisha, jiko likaanza kuvuta hewa kutoka korido badala ya kuitoa.

Kipimo ni kipande cha karatasi laini ya chooni. Funga mlango wa jiko ukiacha upenyo wa vidole viwili, shika karatasi kwa juu, iache ining'inie kwenye upenyo. Ikipinda kuelekea jikoni, mambo yako sawa. Ikipinda kuelekea korido, feni inafanya kazi kinyume, au hakuna mahali hewa safi inapoingilia. Fungua kidogo dirisha lililo upande wa pili wa nyumba, ujaribu tena. Feni iwashwe kabla ya jiko kuwashwa, iendelee kama dakika 20 baada ya sufuria kuepuliwa. Ukiiwasha baada ya nyumba kujaa harufu umechelewa: mapazia, mataulo na nguo zilizoanikwa ndani zimeshainywa.

Nguo zinainywa kwa sababu ya mafuta. Chakula kinapokaangwa, matone madogo sana ya mafuta huruka hewani yakiwa yamebeba harufu, yakatua kwenye vitambaa na kuta. Ndiyo maana samaki wa kukaanga husumbua siku mbili na wa kuchemsha jioni moja. Kama kuna jambo la kukomeshwa ndani ya nyumba hiyo, ni kukaanga samaki. Samaki mwenyewe abaki. Dada alikubali kukaanga nje tu, kwenye jiko la kubeba, na ndani awe wa kuchemsha na mfuniko juu. Ukuta wa nyuma ya jiko ulifutwa kwa maji ya moto na sabuni usiku uleule, kwani utando wa mafuta ukiachwa unachacha na kuwa chanzo kipya cha harufu.

Maikrowevu ilikatazwa kwa samaki. Inapasha haraka, inatoa mvuke mwingi, na feni yake inautupa mvuke huo moja kwa moja chumbani. Kiporo cha samaki hupashwa kwenye sufuria yenye mfuniko, moto mdogo, na vijiko viwili vya maji.

Chakula chenyewe, kabla hakijafika motoni

Shombo ya samaki wa baharini inatokana hasa na trimethilamini, ambayo bakteria huitengeneza samaki akishakufa. Kemikali hiyo ina tabia ya besi, yaani kinyume cha asidi, na asidi huigeuza kuwa chumvi isiyoruka hewani. Limau na siki basi si mapambo. Samaki mkavu alilowekwa kwenye maji baridi, ndani ya chombo chenye mfuniko na ndani ya friji, kwa saa kadhaa, maji yakibadilishwa mara mbili au tatu. Kisha akakaa dakika 10 hadi 15 kwenye lita moja ya maji yenye vijiko viwili vikubwa vya siki au maji ya limau moja, akasuuzwa. Nyanya ndani ya mchuzi huendeleza kazi hiyohiyo. Maji ya kulowekea ndiyo yanayonuka kupita samaki. Yasimwagwe taratibu kwenye sinki yakabaki kwenye kona ya bomba. Yamwagwe chooni, na maji ya kutosha juu yake.

Mifupa na ngozi zifungwe kwenye karatasi, kisha mfuko, zitoke nje usiku huohuo. Kama taka huzolewa siku maalumu, mfuko ukae kwenye friza ndani ya kopo lililoandikwa, hadi siku hiyo. Kwenye pipa la jikoni hazifai kukaa hata kwa muda wa saa tatu.

Matumbo yalikuwa kazi ngumu zaidi, na yalibaki kuwa ngumu. Harufu yake inatoka kwenye mabaki ya ndani na kwenye mafuta yaliyoshikamana nayo. Yakwanguliwe kwa kisu, mafuta yatolewe, yasuuzwe hadi maji yawe meupe, yachemshwe dakika 10 hadi 15 na siki kidogo, kisha maji hayo yamwagwe na kupika kuanze upya. Kosa la nyumba hii lilikuwa sufuria ya presha: wakati wote wa kupika hakuna harufu, halafu mtu anaiachia presha katikati ya jiko na mvuke wote unatoka kwa mara moja. Ipelekwe nje ikiwa bado imefungwa, au iachwe ipoe yenyewe chini ya dirisha lenye feni.

Mayai yalikuwa mepesi. Yai linanuka likichemshwa kupita kiasi: ute mweupe unatoa gesi ya haidrojeni salfaidi, inayokutana na chuma cha kiini na kuacha ule mviringo wa kijanikijivu. Ukiuona mviringo, ujue muda ulizidi. Dakika 10 hivi kwenye maji yanayotokota kidogo, kisha maji baridi papo hapo mpaka yai lipoe kabisa. Kijana alikuwa akiyaacha yapoe taratibu kwenye maji yake ya moto, na akiyamenya yote kabisa kabla ya kuyaweka kwenye friji. Kuyaacha na ganda, kwenye kopo lililofungwa, na kuyamaliza ndani ya wiki moja kuliondoa karibu lalamiko lote la mayai.

Friji

Makopo ya plastiki hunyonya harufu na kuirudisha. Lililowahi kubeba samaki lisibebe kitu kingine. Walinunua kwa pamoja vyombo vya kioo vyenye mpira kwenye mfuniko: vinne vya samaki na matumbo, kimoja cha jibini. Rafu ya chini ikawa ya vyakula vizito vya wenyeji, ya juu ya mpangaji mpya, ya katikati ya vitu visivyo na ugomvi.

Bikabonati ya soda kwenye kisahani hufaa zaidi kwa harufu za asidi, kwa maana hiyo ilisaidia jibini kuliko samaki. Kwa shombo na harufu ya mayai ulifaa zaidi mkaa maalumu wa kuchujia harufu. Hata hivyo hakuna unga unaoshinda kopo lililofungwa vizuri.

Wiki mbili baada ya kufanya yote hayo, friji ilikuwa bado inanuka, na mpangaji mpya akaanza kuamini kwamba anahujumiwa. Chanzo kilikuwa mahali ambapo watu wengi hawatazami: chini ya friji, upande wa nyuma, kuna trei ndogo inayopokea maji ya barafu iliyoyeyuka kupitia tundu la ukuta wa ndani. Mchuzi uliomwagika miezi iliyopita ulikuwa umefika huko na kugeuka utando. Trei ikaoshwa, tundu likazibuliwa kwa kijiti cha pamba na maji vuguvugu, mpira wa mlango ukafutwa ndani ya mikunjo yake kwa maji yenye bikabonati, vijiko viwili kwa lita. Chomoa friji kwenye umeme kwanza. Na katika usafi wote huu, siki isichanganywe kamwe na dawa ya klorini ya kufanyia weupe. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu.

Vyombo, na kisichooshwa na sabuni

Vyombo vya samaki na mayai huoshwa kwanza kwa maji baridi. Ya moto yanaigandisha protini kwenye chombo, na harufu inabaki humo. Baada ya baridi ndipo sabuni na maji ya moto, kisha suuzo la siki. Mbao hunyonya, kwa hiyo ubao wa kukatia na mwiko viwe viwili viwili. Dodoki pia mawili, ya rangi tofauti, kwa sababu dodoki moja ndilo lililokuwa likipeleka shombo kwenye kikombe cha chai.

Sufuria ya chuma ikioshwa hivyo haina harufu. Mpangaji mpya alilijua hilo, na bado hakuweza kuipikia uji. Mwanasaikolojia Paul Rozin na wenzake walieleza hali hii mwaka 1986: walichovya kwenye juisi mende aliyekufa aliyetakaswa hata asiwe na kijidudu chochote, wakamtoa, na watu wakaikataa juisi. Kinyaa kinaamini kwamba kilichogusa kimeacha kitu, hata kama hakikuacha chochote. Kaka alitaka kumthibitishia kwa kumnusisha sufuria. Tulivyoona, huko ni kupoteza muda. Mpe sufuria yake ndogo, kikaango chake na sahani yake, ziwe na mahali pake, watu wasizitumie. Ni suluhisho la bei ndogo kwa ubishi ambao hakuna maelezo yanayoumaliza, na wala si kumdekeza.

Maneno na uso

“Kinanuka” ni hukumu juu ya chakula, na kwa aliyelelewa nacho ni hukumu juu ya mama yake aliyekipika. “Harufu hii inanishinda, naomba tufunge mlango” ni taarifa juu ya msemaji, na ina ombi ndani yake. Tofauti ni kubwa, na wenyeji waliisikia siku ya kwanza.

Uso ni mgumu zaidi kuutawala. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 na Bruno Wicker na wenzake uligundua kwamba sehemu moja ya ubongo huamka mtu anaposikia harufu mbaya na anapomwona mwenzake akionyesha kinyaa. Aliyekaa mezani akakunja pua anawaharibia wengine chakula kwa maana halisi. Hivyo walikubaliana kwamba mpangaji mpya akizidiwa aseme “napata hewa kidogo” na kutoka, bila maelezo, wala mtu asimfuate kumuuliza. Siku za samaki alikuja mezani sahani zikishaondolewa, wakati wa chai. Kula pamoja kila mlo si sharti la kuishi vizuri.

Upande wa wenyeji palikuwa na makatazo mawili. La kwanza, hakuna “onja tu kidogo”. Msukumo huongeza kinyaa. La pili, na hili halina mjadala: hakuna kumfichia mtu chakula ndani ya chakula ili kumthibitishia kwamba hatasikia tofauti. Kijana aliwahi kupendekeza hivyo kwa nia njema. Mtu akigundua, hataamini tena sufuria yoyote ya nyumba hiyo, na kama ana mzio usiojulikana, unaweza kumdhuru vibaya.

Ratiba, na pale ilipovunjika

Jioni mbili kwa wiki zikawa za samaki, zinazojulikana siku moja kabla, kupika kukiisha mapema ya kutosha hewa ibadilike kabla ya kulala. Matumbo hupikwa mpangaji mpya akiwa hayupo. Kujua mapema kuna faida kuliko inavyoonekana: alikula kabla, akafunga mlango, akaviringisha taulo chini yake, na harufu iliyotarajiwa haikumshtua kama ile ya ghafla.

Wiki ya tatu ya mpango walikuja wageni, samaki akakaangwa ndani usiku, kopo likabaki wazi. Mpangaji mpya aliandika ujumbe mrefu kwenye kundi la nyumba saa tano usiku, na asubuhi kila mtu alikuwa amenuna. Ratiba haikuwa na nafasi ya wageni, hilo ndilo lilikuwa kosa. Wakaongeza: kila upande una siku moja ya dharura kwa mwezi, itajwe hata saa moja kabla, na lalamiko lisemwe ana kwa ana kesho yake, lisiandikwe usiku.

Miezi miwili baadaye mpangaji mpya mwenyewe aliomba kuzoea kidogo. Walianza na kopo lililofungwa mezani akiwa ameshiba, kisha kukaa mwisho wa chumba dirisha likiwa wazi samaki akichemka, kisha karibu zaidi. Kila hatua ilirudiwa hadi mate yaache kumjaa ndipo ikafuata nyingine, na koo likibana anarudi nyuma bila kushawishiwa. Siku akiumwa tumbo hakuna zoezi, kwa sababu kichefuchefu cha siku hiyo kingejibandika kwa samaki upya. Alifika mahali pa kuweza kuchemsha chai samaki akiwa motoni. Kumla, hapana, na hakuna aliyemtaka amle. Matumbo hayakubadilika hata kidogo.

Ambapo mpango huu haufai

Jiko lisilo na dirisha, au chumba kimoja ambacho watu hupikia na kulala humohumo, hakitoshi kwa watu hawa. Hakuna saa ya kupika ambayo harufu haitalala na mtu kitandani. Hapo chakula hicho kipikwe kwingine na kuletwa kikiwa kimefungwa, au mmoja ahame, na tunaona ni afadhali jambo hilo lisemwe wazi mapema kuliko watu kuchukiana mwaka mzima.

Nyumba hii ilipopata nafasi ya mpangaji mwingine, walimuuliza mambo matano kabla hajalipa: kama ana mzio, kama ana mwiko, chakula gani hawezi kukaa nacho chumba kimoja, chakula gani chake wengine humlalamikia, na huwa anapika saa ngapi. Kisha alioneshwa jiko jioni ya samaki, feni ikizunguka, na friji ikafunguliwa mbele yake na vitu vyote ndani, bila kusafishwa kwa ajili ya mgeni.